Firigisi ni ya Baba

Kalemie, 24 Septemba 2023

Kwako mume wangu wa kizee, babu yangu, Kambo Théophile,

Mke wako mdogo anakusalimu kutoka mwisho wa reli. Nimefika salama. Treni ilichukua siku kumi na tatu, na niliposhuka nilikuwa nimezeeka kiasi cha kukufaa. Symphorien, yule jirani wa mama anayefanya kazi kwenye treni, alinichunga njia nzima pamoja na mifuko yangu, na ndiye anayekuletea barua hii kwa sababu wewe na simu hamsemezani. Nimepata chumba kwa mjane mmoja anayekausha ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, hivyo nguo zangu zote sasa zinanuka ziwa. Mguu wako je? Nani anakusongea bukari tangu Bibi Madeleine atutoke? Usiniambie unakula mkate na chai mara tatu kwa siku. Babu wengine wako wengi huku, nitaolewa.

Sasa jambo lenyewe. Nimepewa darasa la tano la sekondari, wanafunzi arobaini na mmoja, niwafundishe riwaya ya *Kigoda*. Niliposikia nilicheka. Mimi niliyechukuliwa na Bibi kwa mama nikakulia nyumbani kwako, niliyekijua *Kigoda* kabla ya kuijua Baba Yetu, nitashindwaje? Nikatoa fiche yako, ile karatasi ya muhtasari iliyofaulisha nusu ya Likasi, nikaandika ubaoni: dhamira saba, wahusika wakuu wawili, wahusika wadogo watano, mhusika wa pembeni mmoja, mbuzi.

Kisha nikawasimulia kama ulivyotusimulia. Mzee Kyabuta, mfua shaba wa kando ya Lufira, anamkataza binti yake Numbi asiolewe na mvuvi. Numbi anaolewa. Mzee anaapa kwamba jina lake lisitajwe tena nyumbani. Miaka inapita, Numbi anaona kosa lake, anarudi na kuku, anapiga magoti, baba anamsamehe. Kuku anapikwa, Numbi anampa baba firigisi, na kesho yake anagongwa na nyoka na kufa. Dhamira ya saba: firigisi ni ya baba.

Msichana mmoja anayeitwa Glodie akanyoosha mkono. Fiche inasema Mzee Kyabuta ni mwenye hekima, mvumilivu, mpenda haki. Glodie akaniuliza hekima hiyo iko ukurasa gani. Nikamjibu iko kwenye fiche. Akasema amesikia, ila ukurasa gani wa kitabu? Kambo, nilisikia maswali mengi nyumbani kwako, lakini hilo sikuwahi kusikia mtu akikuuliza. Nimemwahidi jibu. Nipe jibu.

Neno la mwisho ni dogo. Kati ya nyumba yako na nyumba ya mama alikuwa anapita Bibi peke yake na salamu zake. Miezi saba sasa hapiti mtu. Umefika Shituru kwa mama? Ni nusu saa kwa pikipiki.

Mke wako uliyempata bila mahari,
Providence


Likasi, Kikula, 22 Oktoba 2023

Mjukuu wangu na mke wangu mdogo,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako ilinifikia ikiwa na harufu ya samaki, nikajua umefika. Mguu unauma asubuhi, mchana unajisahau. Ninapikiwa na jirani Arlette, mwanamke mwema anayetia chumvi kwa macho yaliyofumbwa. Wiki iliyopita walimu wastaafu watatu walinitembelea. Tulikubaliana kwamba elimu imekufa, kisha tukanywa chai. Kuhusu simu, msimamo wangu ni uleule: simu ni ya misiba. Mtu mwenye jambo la kusema akae aandike, kama mimi ninavyokaa hapa kwenye kiti changu cha darasani, kile shule ilichonizawadia nilipostaafu kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyethubutu kukikalia.

Nimesoma habari za huyo Glodie. Kosa si lake, ni lako. Umewapa watoto hadithi polepole mno, wakapata nafasi ya kuuliza. Sikiliza, nikufundishe kazi. Kitabu ni cha mwalimu. Fiche ni ya mwanafunzi. Ukimpa mwanafunzi kitabu ataanza kukisoma, akisoma ataanza kufikiri, na mtihani wa taifa ni Juni. Mhusika hupewa sifa tatu. Mbili zinamfanya aonekane maskini, nne hazienei kwenye mstari. Dhamira ni saba kwa sababu siku ni saba. Na hekima ya Mzee Kyabuta haihitaji ukurasa, inaonekana wazi kwa kuwa yeye ndiye baba.

Nakala yangu, kama unavyoijua, inaishia ukurasa wa 212. Kurasa nne za mwisho zililiwa na mchwa. Hakuna kilichopotea, zimo kichwani mwangu, na nimezisomesha kutoka humo vizuri kuliko zilivyokuwa zimeandikwa.

Kuhusu lile neno lako la mwisho: mvua zimechelewa mwaka huu.

Kambo wako, Maître Théophile Kalombo


Kalemie, 19 Novemba 2023

Mume wangu mwenye dhamira saba,

Shikamoo, na pole kwa chumvi ya mama Arlette. Huku mvua hazikuchelewa hata kidogo. Ziwa limepanda mpaka kwenye meza za wauza samaki, na mjane wangu anakausha ndakala ndani, juu ya kitanda changu. Mimi ni mzima. Nimepata rafiki, bibi wa maktaba ya parokia, ambaye haruhusu mtu kuingia na viatu wala na maswali.

Kambo, keti vizuri. Katika maktaba hiyo nimekuta *Kigoda*. Nakala nzima, kurasa 216, haijaguswa na mchwa wala na mtu. Nikasoma kurasa nne za mwisho nimesimama, miguu mitupu kwenye saruji.

Hakuna kuku. Hakuna nyoka. Numbi harudi popote, na hafi. Ni Mzee Kyabuta anayetoka. Anachukua kigoda chake, kile ambacho mtu mwingine hakalii, anavuka Lufira mpaka kwa binti yake, anakiweka mlangoni, anakaa. Siku ya tatu Numbi anatoka na maji ya kunywa. Basi, kitabu kimekwisha. Firigisi haitajwi ndani ya kurasa zote 216, nimetafuta.

Nimewasomea wanafunzi. Wakaomba nisome tena, na unajua watoto arobaini na mmoja hawaombi kurudiwa hata sala. Sasa niko kwenye shida. Mwezi wa nne anakuja Inspecteur Gracien, aliyehamishiwa huku kutoka Likasi, na ripoti yake ndiyo itaamua kama nabaki kazini au narudi kukuchemshia chai. Anamwambia kila mtu kwamba yeye ni mwanafunzi wako. Akiuliza mwisho wa *Kigoda*, watoto waseme kigoda au waseme kuku?

Na Shituru? Mvua zimeshanyesha.

Providence


Likasi, Kikula, 17 Desemba 2023

Mke wangu mdogo,

Noeli njema. Mguu umehamia goti. Arlette amegundua pilipili. Kwaya ya parokia inajiandaa kuimba Kilatini, na watu sita bado wanakijua, wanne kati yao wakiwa hai kabisa.

Nakala ya parokia hiyo ni chapa mbovu. Wachapaji wa zamani walifanya kazi kwenye joto na walikunywa. Na hata kama mwandishi aliandika hivyo, tunajua jinsi waandishi walivyo: wanachoka mwishoni. Mzee mzima, mfua shaba, abebe kigoda kama mchuuzi, akakae mlangoni kwa mvuvi? Mtoto ndiye anayekuja. Mtoto ndiye anayeleta kuku. Tukiwafundisha vijana kwamba baba anatoka kwanza, kesho baba wote wa Likasi watakuwa barabarani na viti vyao, na nyumbani hatabaki mtu wa kuombwa radhi. Hilo umelifikiria?

Wewe fundisha kuku. Gracien alikaa mstari wa mbele katika darasa langu, na mwanafunzi wangu hawezi kuridhika bila firigisi. Kurasa zangu, tangu ile mvua kubwa ilipopasua paa na kuziozesha, sijawahi kuzihitaji.

Symphorien alinikuta njiani akaniambia kwamba yule wa Shituru ni mzima, kwamba ameacha biashara ya mkaa, kwamba mume wake Eddy hachimbi tena, siku hizi anapiga ngoma katika kanisa lao la makelele. Mimi sikumwuliza. Alisema mwenyewe, baada ya mimi kumwuliza mara mbili. Binti aliyekuwa wa kwanza darasani, aliyekuwa anakwenda kuwa mwalimu, akamfuata mtu wa koleo aliyekuwa anaingia mgodi uliofungwa wa Shinkolobwe kwa kujificha. Maji yakimwagika hayazoleki. Usiniulize tena.

Kambo


Kalemie, 4 Februari 2024

Mume wangu, heri ya mwaka mpya iliyochelewa na treni,

Sisi wazima. Mjane wangu amepata mchumba, mwenye pirogi ya kuvulia, naye ananiuliza mimi ushauri kwa sababu nafundisha riwaya. Goti lako likandwe kwa maji ya moto. Mwambie mama Arlette aweke chumvi yake humo.

Nimeweka fiche yako kando. Usivunje kiti, ngoja nieleze. Nimewapa kila wanafunzi wawili mhusika mmoja, na sheria moja tu: ukimpa mtu sifa, onyesha ukurasa. Kambo, ungewaona. Waliokuwa wanasinzia wanagombania kitabu. Mbuzi amepanda cheo, si mhusika wa pembeni tena, kwa sababu vijana wawili wamethibitisha kwa kurasa sita kwamba ndiye pekee ambaye Mzee Kyabuta anasema naye baada ya Numbi kuondoka. Na ile kazi ya dhamira, ambayo zamani tuliimba kama jedwali la kuzidisha, sasa inatoka kwao wenyewe. Wanauliza: kitu gani kinarudi, kinarudi? Kigoda kinarudi. Mlango unarudi. Jina lisilotajwa linarudi.

Darasa limegawanyika. Kuna Chama cha Kuku na Chama cha Kigoda, na wanatukanana kwa heshima. Wa Kuku wanasema baba zao hawawezi hata siku moja kutoka. Wa Kigoda wanasema ndiyo maana mtu akaandika kitabu. Glodie ndiye aliyepewa Mzee Kyabuta. Wiki nzima alitafuta ukurasa wa hekima. Ijumaa akasimama akasema, nakuandikia kama alivyosema: "Madame, huyu muzee haiko na hekima. Iko na haya. Anapenda mutoto yake, lakini anaogopa batu watamuona njiani."

Nikamgeuzia mgongo, nikajifanya nafuta ubao.

Uliniambia maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nakurudishia ile ya Bibi: mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Mzee Kyabuta hataji jina la binti yake tangu ukurasa wa 40. Nimezipanga barua zako mezani, nimezisoma kama ninavyowasomesha watoto. "Yule wa Shituru." Ana jina, Kambo. Anaitwa Martine. Wewe ndiye uliyempa.

Providence


Likasi, 3 Machi 2024

Mademoiselle Providence,

Salamu. Afya yangu haihusiki.

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Nimefundisha mahakimu, mapadri, na mkuu mmoja wa gereza ambaye hadi leo akiniona anavua kofia. Wote walijua dhamira saba. Hakuna hata mmoja wao aliyemfanya mbuzi kuwa mhusika mkuu, na hakuna aliyechukua barua za mzazi wake akaziweka mezani kuzitafutia ukurasa. Fasihi si kioo cha kumwekea mtu usoni anapokula.

Unasoma kurasa nne umesimama, kwa haraka, halafu unajiona umeelewa. Hujui uzito wa kile kigoda anapovuka mto nacho kichwani, maji yakimfika kifuani, ukurasa wa 214, na anavyoogopa kukilowesha kuliko kuzama. Hujui. Una miaka ishirini na minne.

Kurasa zangu zilichanwa na mwanafunzi mmoja mpumbavu aliyefungia karanga. Kisa kimekwisha. Rudi kwenye fiche kabla Gracien hajafika, au utaona.

Th. Kalombo, mwalimu mstaafu


Kalemie, 14 Aprili 2024

Kambo wangu mpendwa,

Nakusalimu bila utani leo, lakini kwa upendo uleule. Mjane wangu ameolewa Jumamosi. Tulikula samaki mpaka tukalala tulipokaa. Mimi ni mzima. Sijui wewe, kwa kuwa afya yako haihusiki.

Inspecteur alikuja Jumanne. Aliingia na préfet wetu, mkuu wa shule, nyuma yake, akakaa kwenye dawati la mwisho, akafungua daftari. Nikaandika tarehe ubaoni, chaki ikavunjika. Nilikuwa nimewaambia watoto waseme wanachoweza kuonyesha ukurasani, basi. Akawauliza wenyewe, kwa sauti ya kupima watu: *Kigoda* kinaishaje? Kijana wa Chama cha Kuku akasimama akaleta kuku wake, magoti, firigisi, nyoka. Alisema vizuri. Ungejivunia. Inspecteur akaandika. Kisha Glodie akasimama na kitabu cha parokia, akasoma kurasa nne kwa sauti, mto, kigoda kichwani, mlango, maji ya kunywa.

Inspecteur aliweka kalamu chini. Nikasema moyoni, basi, ni chai tu, narudi Likasi. Akaniangalia akasema: "Hii njo mwisho Maître alitusomea mu 1991. Alifika pa kiti, sauti ikakatika. Tulizania iko na mafua. Kuku inatoka wapi?"

Darasa zima lilinigeukia. Nikasema nitaandika barua kuuliza.

Ndiyo hii, nimeiandika. Mchwa hawasomi. Kwanza walikula kurasa nne tu, zile za mwisho, wakashiba. Halafu ilikuwa mvua. Halafu karanga. Na mwezi uliopita, ukiwa na hasira, uliniandikia kwamba anavuka mto na kigoda kichwani. Mimi sikukuambia kichwani. Mwaka wa 1991 ulisoma mwisho huo ukalia mbele ya darasa. Mwaka wa 1998 mama aliondoka kwako. Mimi nilipofika darasani kwako kulikuwa na kuku.

Sina hasira. Nakuuliza tu swali la Glodie. Kurasa hizo ziko wapi?

Inspecteur anakusalimu sana. Ripoti ni nzuri, nabaki. Aliandika kwamba darasa linajua kusoma, akapiga mstari chini yake.

Mke wako mdogo, kama bado,
Providence


Kalemie, 26 Mei 2024

Kambo,

Symphorien amerudi mikono mitupu. Anasema ulikwenda mwenyewe kituoni mara mbili, ukauliza kama nimeandika tena, ukamwangalia sana, ukaondoka bila kumpa kitu. Anasema umekonda. Nimempa vifurushi viwili vya ndakala: kimoja chako, kimoja cha mama. Vimefungwa pamoja kwa kamba moja, naye nimemwagiza akuletee wewe vyote viwili. Mnajua wenyewe mtakavyogawana.

Kama ulimi wangu ulikukata, nisamehe. Ni ulimi ulionolewa nyumbani kwako. Kwa swali la kurasa siombi msamaha.

Mjukuu wako


Shituru, 16 Juni 2024

Mke wangu mdogo,

Nakusalimu kutoka mahali unapopaona hapo juu. Mguu ni mzima, goti linalalamika, ndakala wako wamefika. Ninaandika juu ya paja kwa sababu meza ndogo ya hapa bado imejaa vyombo. Symphorien anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Kwanza nakujibu. Kurasa zilikuwa katika Biblia yangu, katikati ya Mwana Mpotevu, ambapo niliziweka kwa mkono wangu mwaka wa 1998, wiki ile mama yako alipotoka. Nilikuwa nafika kwenye sura ya mwisho ya *Kigoda* darasani Jumatatu. Jumapili nikajua sitaweza kuisoma, nikazichana. Kuzichoma nilishindwa pia. Jumatatu wanafunzi wakauliza mwisho, nikafungua mdomo, akatoka kuku. Nyoka nilimwongeza mwaka uliofuata kwa kuwa mwisho ulikuwa hauna nguvu. Bibi yako alijua. Kila mwaka wakati wa *Kigoda* aliniuliza kama mchwa hawajambo. Nazituma ndani ya barua hii, zote nne. Waonyeshe Chama cha Kuku kwamba mwalimu wao mkuu alikuwa mtu wa Chama cha Kigoda aliyekosa miguu.

Sasa sikia ya leo. Baada ya misa nilichukua vile vifurushi viwili, nikabeba na kiti changu cha darasani. Dereva wa pikipiki alikataa, kisha akakubali, kisha akacheka mpaka tulipofika. Glodie wako alisema kweli kuhusu haya. Kutoka Kikula mpaka Shituru nilisalimiwa na watu wasiopungua ishirini, na kila mmoja aliuliza: Maître, unahama? Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. Alikiona kiti, aliniona mimi, akaacha kucheka. Huyo alisoma kabla ya 1998.

Niliweka kiti mlangoni nikakaa. Aliyefungua ni Eddy, baba yako. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu miaka ishirini na mitano, lakini mtu mwenyewe alikuwa amevaa kaptula, mkononi ana ngoma na mafuta ya kuipaka, na aliponiona aliificha ngoma nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa na embe. Akasema mama yako yuko kanisani. Akaniletea maji. Nilikunywa.

Mama yako alirudi saa saba. Alisimama mbele yangu na Biblia yake na kitambaa cha kichwa. Nilikuwa na hotuba, Providence. Sehemu tatu, na hitimisho. Ni yeye aliyesema, wala hakupaza sauti: "Papa, miye nilikuya na kuku mara tatu. Ulikula kuku, ukakatala mutoto."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hili hulijui, na hakuna kitabu kinacholieleza, kwa hiyo nakueleza mimi. Alikuja kweli. Mara ya kwanza ulikuwa mgongoni mwake, ulikuwa hujaota meno. Alipiga hodi nami nilikuwa nyuma ya mlango, nimesimama, mkono kwenye komeo. Alingoja, akaacha kuku amefungwa miguu, akaondoka. Bibi yako alimwokota huyo kuku akampika, nilipouliza akasema kuku wa sokoni. Mara tatu, miaka mitatu. Na kila mara Bibi aliniwekea firigisi, akaniangalia ninavyoila. Nilijua. Kuku wa sokoni hafungwi miguu kwa kitambaa cha bluu kilichokatwa kwenye sketi ya shule ya mama yako. Nilijua, nikatafuna, na Jumatatu nikaenda kuwafundisha watoto wa Likasi kwamba baba alimsamehe. Kwa hiyo hata mwisho wangu wa uongo, nilioutunga mwenyewe, nilioupenda, sikuweza kuutimiza.

Nililia hapo mlangoni. Hapakuwa na mafua.

Kitabu kinasema siku tatu. Mama yako alinipa saa nne. Watoto wa jirani walikuja kuniangalia, wakazoea, wakaanza kucheza mpira kiti changu kikiwa goli. Saa kumi na moja mlango ulifunguka. Alitoka na sahani, Eddy na meza ndogo nyuma yake. Bukari, sombe ya majani ya muhogo, na kuku. Tulikaa watatu, mimi kwenye kiti changu, wao kwenye beseni lililogeuzwa, hivyo nilikuwa juu yao kama hakimu. Niliona vibaya, nikashuka nikakaa chini. Kwa goti hili.

Mama yako akagawa. Firigisi akampa Eddy. Eddy aliniangalia, akaangalia firigisi, nikamfanyia ishara aile. Akaila polepole, akitazama pembeni, kama mtu anayekula mbele ya simba. Mimi niliwekewa shingo.

Kwa hiyo fanya masahihisho. Chini ya Mzee Kyabuta futa sifa zote tatu. Andika: alichelewa. Glodie atapata ukurasa. Dhamira ya saba ifute kabisa, na mbuzi mwache alipo, kazi yake ni nzuri. Kiti kinabaki huku, Eddy amekipenda. Nitarudi kwa miguu ya watu wengine, goti langu limegoma.

Niliila ile shingo yote, mke wangu, nikanyonya mpaka vifupa. Nilipomaliza mama yako aliniangalia, kijiko mkononi, akauliza kama naongeza bukari.

Nikasema: "Ndiyo, Martine."

Mume wako,
Théophile